Kabla ya Kumlipa Fundi: Tela Lipi Litabeba Trekta la Familia?

Trekta ni bingwa shambani, lakini barabarani ni mgeni. Magurudumu yake makubwa yameundwa kukanyaga udongo, mwendo wake ni wa kulima na wala si wa safari, na dereva wake hukaa juu bila kinga akipishana na mabasi na malori yaendayo Mbeya na Zambia. Ndiyo maana kila familia inayomiliki trekta, au inayojikusanya kulinunua, hufika siku ikajiuliza swali moja: chombo hiki kitahama kwa njia gani kutoka shamba moja kwenda jingine?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa watu wenye asili ya Kidodi. Kata hiyo ya Wilaya ya Kilosa iko kando ya barabara inayotoka Mikumi kuelekea Kidatu na Ifakara, upande wa kaskazini wa mto Ruaha Mkuu. Ni nchi ya miwa. Kiwanda cha kwanza cha sukari cha Kilombero kilianza kazi mwaka 1962 huko Msolwa, ng'ambo ya mto, na cha pili kikafuata mwaka 1976 huko Ruembe, upande wa Kilosa. Kampuni hiyo ilibinafsishwa mwaka 1998, na tangu siku hizo mashamba ya wakulima wadogo wanaokiuzia kiwanda miwa yao yamezidi kuenea pembezoni mwa mashamba makubwa.

Wengi wa watoto wa wakulima hao leo ni wafanyakazi wa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma: walimu, wauguzi, makarani, mafundi na madereva. Hao ndio ambao aghalabu huchanga akiba zao, huchukua mkopo, wakalipeleka nyumbani trekta moja kuukuu lakini zima. Baada ya misimu miwili hugundua kwamba shamba la ukoo halitoshi kulilisha trekta hilo. Miwa iliyokwisha kupandwa huchipua tena baada ya kukatwa, wala haihitaji kulimiwa upya kila mwaka. Basi trekta hapana budi litafute kazi kwingine: mpunga wa bonde la Kilombero, mahindi ya Kilosa, au mashamba ya Dakawa huko Mvomero. Trekta lisilohama hulala, na trekta linalolala halilipi deni.

Safari yenyewe si ndogo. Kati ya Mikumi na Kidatu kuna takriban kilomita 35. Anayekwenda Morogoro huongeza zaidi ya kilomita mia moja, na humo imo ile sehemu ya kiasi cha kilomita 50 inayopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako tembo na nyati huvuka barabara wanapopenda. Trekta la kawaida, kwa mwendo wa kilomita 20 au 25 kwa saa, litatumia siku nzima katika safari hiyo. Lami ya moto itakula meno ya tairi zake, na jua likizama kabla halijafika, dereva wake atakuwa kitu cheusi kinachojikokota mbele ya lori lenye haraka.

Dawa yake ni tela bapa, yaani tela lenye sakafu iliyonyooka isiyo na kuta, ambalo trekta hupandishwa juu yake na kufungwa. Matela ya namna hiyo huundwa na mafundi wetu wenyewe wa kuchomelea vyuma kwa kipimo anachotaka mteja. Hapo ndipo penye neema na hatari pia. Fundi atakuuliza: "Unataka la namna gani?" Asiye na jibu atapewa lile fundi alilozoea kuunda, na huenda lilikuwa la kubebea mchanga.

Je, unalihitaji?

Kabla ya kuchora mstari wowote, familia na ikae ifanye hesabu. Tuseme gharama ya kuunda tela ni sawa na gharama ya kukodi gari la kubebea trekta mara arobaini. Ikiwa trekta lenu huhama mara nne tu kwa mwaka, tela litachukua miaka kumi kurudisha fedha zake, bila kuhesabu tairi, matengenezo na ada. Hapo ni heri kukodi. Lakini likihama mara ishirini kwa mwaka, fedha zitarudi katika miaka miwili, na tela lenyewe laweza kukodishwa kwa jirani. Wale wenye trekta moja moja pia wangefanya vyema kushirikiana, familia tatu au nne kwa tela moja, mradi mapatano yaandikwe: nani atalitunza, nani atanunua tairi, na nani atalitumia kwanza mvua zikianza na kila mtu akilitaka siku ile ile.

Historia ya nchi yetu ina funzo katika jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Mashine nyingi zililetwa, kadhaa zikiwa masalio ya vita, lakini bandari, reli na karakana hazikuwa zimetayarishwa kuzipokea, kuzisafirisha na kuzitengeneza. Mpango huo ukaachwa mwaka 1951. Yako mengi yaliyouangusha, ikiwamo ardhi na mvua, lakini moja lilikuwa hilo: kununua mashine ni nusu ya kazi, na kuifikisha mahali pake ikiwa nzima ni nusu ya pili.

Uzito kwanza

Kosa kubwa la wanunuzi wengi ni kuanza na urefu wa tela badala ya uzito wa mzigo. Tuchukue trekta la nguvu za farasi 75 hivi, la aina inayoonekana sana mashambani. Tuseme lina uzito wa kilo 2,800. Wenyewe wa mashamba mara nyingi hujaza maji katika tairi za nyuma ili zisiteleze. Tukihesabu kilo 250 kwa kila tairi, hizo ni 500. Jembe la sahani tatu lenye kilo 400 nalo litakwenda, kwa kuwa trekta bila jembe halina kazi. Weka na pipa moja la dizeli la lita 200, ambalo likijaa hukaribia kilo 190. Jumla ni kilo 3,890, na bado hatujalihesabu tela lenyewe. Tela la chuma la ukubwa huu laweza kufikia kilo 1,800. Kwa hiyo gari litavuta karibu tani 5.7.

Mtu aliyeambiwa kwamba "trekta ni tani mbili na nusu" angeagiza tela la tani tatu, na angekuwa amelilemea tangu safari ya kwanza. Yafaa basi kila familia isome kitabu cha trekta lake, ipime jembe lake, na iongeze akiba ya angalau robo kwa ajili ya siku litakaponunuliwa trekta kubwa zaidi.

Uzito huo ndio utakaochagua gari la kuvutia. Magari madogo ya mizigo, yaani pikapu, kwa kawaida hayaruhusiwi na watengenezaji wake kuvuta zaidi ya tani 3.5, tena tela likiwa na breki zake. Mzigo wetu umekwisha kuvuka hapo. Lori dogo nalo lichunguzwe kitabuni. Kanuni ya busara ni kwamba gari livutalo liwe zito kuliko kinachovutwa, maana katika mteremko ni uzito wa nyuma unaolisukuma gari la mbele. Waliopata kuuteremka mlima Kitonga kwenye barabara ya Iringa wanajua maana ya maneno haya.

Ekseli na tairi

Tela la ekseli moja ni rahisi na hugeuka upesi, lakini tairi moja ikipasuka mzigo wote huinama. Kwa trekta, ekseli mbili zilizokaribiana katikati ya tela ni chaguo lililo salama zaidi. Iko pia namna ya tatu, yaani ekseli moja mbele iliyo juu ya kigeugeu na nyingine nyuma, kama matela makubwa yanayofuata malori. Hilo halielemei kulabu ya gari, lakini ni zito, ni ghali, na kulirudisha nyuma katika njia nyembamba ya shambani ni kazi ya dereva mzoefu kwelikweli.

Mafundi wengi hutumia ekseli za malori yaliyochakaa. Si vibaya, ila mteja aulize mambo matatu: ekseli hiyo ilitoka katika gari la uzito gani, beringi na mipira yake bado inapatikana madukani Mikumi, Ifakara au Morogoro, na je, haikupinda? Ekseli iliyopinda hata kidogo hula tairi upande mmoja, na mwenye tela hulipa kosa hilo kila mwaka.

Kuhusu tairi, usikubali kuambiwa tu kwamba "hizi ni ngumu." Uwezo wa tairi umeandikwa ubavuni mwake. Tuseme tairi ulizoonyeshwa zina uwezo wa kilo 1,250 kila moja. Katika mzigo wetu wa tani 5.7, kiasi cha nusu tani kitakaa juu ya kulabu ya gari, na kilo 5,200 zitabaki juu ya ekseli. Tairi nne zitabeba kilo 5,000 tu. Zimepungukiwa, ijapokuwa kwa macho zinaonekana nene. Hapo itakubidi uchague tairi zenye uwezo mkubwa zaidi, au uweke mbili mbili kila upande, ziwe nane. Aidha, ni jambo la faida tairi za tela zikiwa za kipimo kimoja na zile za gari, ili tairi moja ya akiba iokoe vyote viwili.

Mahali pa ekseli

Hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui. Tela likibeba uzito mwingi nyuma ya ekseli zake, mkono wake wa kuvutia huinuka, na likifika mwendo wa kasi huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Likishaanza kuyumba, dereva hana jambo kubwa la kufanya ila kupunguza mwendo taratibu na kumwomba Mungu. Kinga yake ni kuzipanga ekseli ili karibu sehemu moja ya kumi ya uzito iielemee kulabu ya gari.

Uzito wa trekta haukai katikati ya umbo lake. Katika trekta la kawaida, zaidi ya nusu hukaa juu ya magurudumu ya nyuma. Kwa mfano wetu, tukichukulia kwamba mbele kuna asilimia 40 na nyuma asilimia 60 kabla ya maji, na kwamba kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.3, basi kitovu cha uzito, maji yakiwamo, kiko kiasi cha sentimita 78 mbele ya ekseli ya nyuma ya trekta. Ukilining'iniza jembe nyuma, kitovu hicho hurudi nyuma kwa sentimita 22. Zaonekana chache. Lakini ikiwa trekta limepanda likitazama mbele, na kutoka ekseli za tela hadi kulabu ni mita 4.5, sentimita hizo hupunguza kilo 185 juu ya kulabu. Tela lililopangwa liwe na kilo 370 hapo hubakiwa na nusu yake.

Kwa sababu hiyo, mwambie fundi tangu mwanzo kama trekta litapanda kwa mbele au kwa kinyumenyume, na kama jembe litaning'inia au litateremshwa na kulazwa sakafuni. Kisha aliweke trekta halisi, au apime kwa kamba na chaki, kabla hajachomelea ekseli. Akishachomelea, kilichobaki ni kulisogeza trekta. Kwa hiyo sakafu na iwe ndefu kuliko trekta kwa nusu mita au zaidi, na pakishapatikana mahali pazuri, papigwe alama ya rangi ili kila dereva apajue.

Sakafu na ngazi

Sakafu yaweza kuwekwa juu ya magurudumu au katikati yake. Ile ya juu huwa pana yote, na trekta huenea bila shida, lakini huwa kiasi cha sentimita 90 kutoka ardhini. Ile ya katikati yaweza kushuka hadi sentimita 60, ila magurudumu ya tela hula upana wake. Hesabu ya ngazi za kupandishia ndiyo itakayoamua. Ngazi ya mita 2.5 ikiegemezwa kwenye sakafu ya sentimita 60 hufanya mwinamo wa nyuzi 14 hivi, ambao trekta hupanda bila fujo. Ngazi hiyo hiyo kwenye sakafu ya sentimita 90 hufanya mwinamo wa nyuzi 21, nao ni mkali. Ili kurudi kwenye nyuzi 14 itahitajika ngazi ya mita 3.7, ambayo watu wawili wataibeba kwa taabu. Anayechagua sakafu ya juu basi na aagize ngazi zenye bawaba na springi za kusaidia kuziinua.

Ukali wa mwinamo si jambo la mchezo. Trekta likipanda kwa mbele mahali pakali, magurudumu ya mbele huweza kuinuka na trekta likapinduka kumwangukia dereva wake. Ndiyo maana katika ngazi kali inashauriwa lipande kinyumenyume na kuteremka kwa mbele, ili upande mzito uwe juu sikuzote, na jembe litolewe kwanza. Hali kadhalika, gurudumu moja la nyuma la trekta letu hukanyaga ngazi kwa zaidi ya tani moja. Kila ngazi na ihimili angalau mara mbili ya hapo. Mwisho wa tela nao uwe na miguu miwili ya kuegemea, maana trekta linapopanda hukandamiza mkia wa tela na kutaka kuinua nyuma ya gari.

Kwa sakafu yenyewe kuna mbao na kuna bati nene. Tofauti ya uzito ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: sakafu ya mita 5 kwa 2.4 ikitandikwa bati la milimita 4.5 itakuwa na kilo 420 hivi, na ikitandikwa mbao za mninga zenye unene wa sentimita 5 itakaribia kilo 380. Bati huchukua muda mrefu kuchakaa, lakini likilowa matope ya shamba la miwa huteleza kama sabuni, hata lenye vipele. Mbao hushika vizuri zaidi, na ubao mmoja ukivunjika hubadilishwa kijijini kwa misumari ya nati. Wengi wameridhika na njia ya katikati: mbao kote, na mikanda ya chuma iliyochomelewa vipande vya nondo pale tu magurudumu yanapopita.

Breki si anasa

Kama kuna mahali ambapo familia haifai kubana fedha, ni hapa. Tela la tani karibu sita lisilo na breki zake lenyewe hutegemea breki za gari, na katika miteremko ya kutoka Mikumi kushukia bonde la Ruaha breki hizo zitapata moto na kuishiwa nguvu. Ziko breki za kusukumwa, ambazo tela hujibana lenyewe linapolisogelea gari. Hizo zafaa matela madogo, na huko Ulaya haziruhusiwi kwa tela lenye zaidi ya tani 3.5. Kwa mzigo wetu zinazostahili ni breki za upepo katika magurudumu yote, zikiunganishwa na mitungi ya lori. Ubora wake ni kwamba mpira ukikatika, au tela likichomoka, breki hujibana zenyewe badala ya kuachia. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza, hakikisha gari litakalovuta lina upepo wa kutoa. Tela la breki za upepo nyuma ya gari lisilo na upepo ni sawa na tela lisilo na breki.

Kulabu nayo iwe na pini yenye kufuli, na pembeni mwake minyororo miwili ya akiba. Taa za breki, indiketa na vibao vinavyong'aa usiku vilindwe kwa fremu ya chuma, kwa kuwa ngazi na matope huvunja taa haraka kuliko ajali.

Kufunga mzigo

Trekta halishikwi na uzito wake. Kanuni zinazofuatwa Ulaya hutaka mzigo ufungwe kwa namna itakayouzuia usiende mbele hata ukisukumwa kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa kila upande na kwa nyuma. Kwa trekta letu la kilo 3,300 pamoja na maji, hiyo ni zaidi ya tani mbili na nusu zikitaka kuingia katika chumba cha dereva wa lori siku atakapokanyaga breki ghafla.

Basi agiza pete nane za kufungia, zilizochomelewa kwenye vyuma vikuu vya chasisi na wala si kwenye ukingo wa sakafu. Nne ni za trekta, zilizobaki ni za jembe na pipa. Funga kwa minyororo minne yenye vikaza vyake, miwili ikivuta kuelekea mbele na miwili kuelekea nyuma, na ishike chuma cha ekseli ya trekta, isishike usukani, mabomba wala vifuniko. Kamba ya katani au ya nailoni ya sokoni si mnyororo. Trekta lenyewe liwe katika gia, breki ya mkono imevutwa, jembe limeshushwa, na ufunguo umetolewa. Baada ya kilomita chache dereva asimame akaze tena, maana tairi za trekta hubonyea na minyororo hulegea.

Na jambo moja lisilo na mjadala: hapandi mtu. Watoto hupenda kukaa katika kiti cha trekta lililo juu ya tela, na vibarua huona ni usafiri wa bure. Tela halina springi za abiria, halina ukuta wa kushika, na mnyororo ukikatika hakuna pa kukimbilia. Mzee wa familia aliseme hili wazi mbele ya wote, na dereva apewe haki ya kukataa kuondoka mpaka wote washuke.

Sheria na mizani

Tela huandikishwa na kupewa namba yake, tofauti na ya gari linalolivuta, na huhitaji bima. Anayebeba matrekta ya wengine kwa malipo amekuwa mfanyabiashara wa usafirishaji, na leseni yake ni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa mwaka 2019. Mwaka huo huo Tanzania ilianza kutumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayotaka magari ya tani 3.5 na zaidi yapite mizanini. Kikomo cha jumla cha tani 56 kiko mbali na tela la familia, lakini si hicho tu kinachopimwa. Kila ekseli hupimwa peke yake, na mzigo uliosogezwa vibaya waweza kuielemea ekseli moja ilhali jumla ni halali. Upana nao uangaliwe: sakafu ya mita 2.4 huenea trekta la kawaida na kubaki ndani ya kipimo cha barabara. Atakayetaka kubeba mashine pana zaidi, kama ya kuvunia mpunga, aombe kibali mapema kwa Wakala wa Barabara.

Mapatano na fundi

Wanaoweza kutoa ushauri hawako mbali. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, limekuwapo tangu mwaka 1973, na Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, cha Arusha kiliundwa mwaka 1981. Mikumi penyewe pana chuo cha ufundi stadi cha VETA. Kumwomba mwalimu wa uchomeleaji akague kazi ni gharama ndogo kuliko jeneza.

Mapatano yaandikwe: uzito wa mzigo, vipimo vya vyuma, aina ya ekseli, namba za tairi, aina ya breki, na tarehe ya kumaliza. Malipo yagawanywe mara tatu: ya vifaa, ya kazi ikiwa imesimama, na ya mwisho baada ya majaribio. Na malipo ya pili yasitolewe kabla hamjalikagua tela likiwa bado halijapakwa rangi, kwa sababu rangi hufunika dhambi nyingi za uchomeleaji. Angalia kila kiungo: kiwe na mshono ulioendelea, usio na matundu wala nyufa.

Siku ya majaribio, trekta halisi lipandishwe na lifungwe. Pimeni kwa futi kutoka kila pembe ya sakafu hadi ardhini, liacheni hivyo usiku kucha, mpime tena asubuhi. Chuma kilichoinama usiku mmoja kitavunjika msimu mmoja. Livuteni kilomita kumi kwa mwendo wa taratibu, kisha gusa habu za magurudumu: yenye joto kupita wenzake ina beringi iliyokazwa mno au breki isiyoachia. Hayo yakiwa sawa, lipa kilichobaki kwa moyo mweupe.

Anayeishi Dar es Salaam na trekta lake liko Kidodi hataliona tela hilo kila siku. Atakayeliona ni mdogo wake anayeliendesha, shemeji anayefunga minyororo, na mama anayesubiri jioni warudi. Ni kwa ajili ya hao ndipo inafaa fundi akiuliza "Unataka la namna gani?" akute jibu limekwisha kuandikwa, likiwa na namba zake.